Saizi Yako Iko Stoo

Wengine hutunza picha za harusi. Yeye alitunza buti. Lilikaa kabatini miaka miwili nyuma ya mashuka ya wageni, buti moja tu la mguu wa kushoto, limepasuliwa kwa mkasi wa hospitali kutoka juu hadi chini. Kila Jumamosi alipomaliza kudeki alilitoa, akalipangusa vumbi, akaliangalia, akalirudisha. Hakuwa analia. Alikuwa anahakikisha kwamba hasira yake haijapoa.

Kazini walimwita Kifundo. Jina hilo walimpachika baada ya ajali, wakimaanisha kifundo cha mguu, kile kilichovunjika mahali patatu. Utani wa wapanda pikipiki hauna huruma, naye hakuwakatalia. Hawakujua kwamba kifundo kilishapona zamani. Kilichobaki ni fundo, nalo lilikuwa moyoni, na hakuna plasta ya mahali hapo.

Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa bomba. Bomba la maji ya mji linatoka kwenye chemchemi milimani na kushuka kilomita thelathini na moja, na pembeni yake hakuna barabara. Kuna kijia cha mawe, mizizi, tope na vijito vinavyokatiza popote vinapotaka. Wakaguzi walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na pikipiki yake na kipande chake cha njia, wakitafuta mahali bomba linapovuja. Yeye alipewa kipande cha saba, kibaya kuliko vyote, wakidhani ataacha kazi ndani ya mwezi mmoja arudi kwao. Alikaa nacho miaka sita. Alikipenda kipande kile waziwazi, kama watu wanavyopenda nyumba waliyoijenga wenyewe, na hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kukipanda.

Sasa alikaa mezani akipokea simu za watu waliokatikiwa maji. Kipande cha saba alipewa bwana mmoja aliyekuwa anasukuma pikipiki kwa mguu kila penye jiwe.

Aliyemfikisha mezani ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Huyu alikuwa na duka la viatu vya kazi, na mtaa mzima ulimwita Orijino, kwa sababu hakuna kitu alichowahi kukitaja bila kukipamba kwa neno hilo. Buti orijino, soksi orijino, hata kamba ya kiatu ilikuwa orijino. Yeye mwenyewe alivaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'aa hata siku ya mvua, na alipoketi alikunja mguu mmoja juu ya mwingine ili usipate shida ya kuviona.

Siku Kifundo alipokwenda kununua mabuti mapya, hakwenda kama mtu asiyejua. Alijua anachotaka. Kijia cha mawe hakitaki buti laini linalokumbatia mguu dukani kama kandambili. Kinataka buti gumu, refu hadi chini ya goti, lenye bamba mbele ya ugoko na bamba pande zote mbili za kifundo. Alichukua buti lililokuwa kwenye rafu akalikamata kisiginoni na nchani, akalikamua kama anavyokamua suruali iliyoloa. Halikukubali kukamulika. Akaligonga pembeni kwa ngumi hadi vidole vikamuuma. Akaliminya ncha, akaikunja soli, akafunga vifungo vyote vinne na kuvifungua. Akaridhika.

"Nazitaka hizi," alisema.

"Hizo ni arobaini na mbili, shemeji. Saizi yako iko stoo."

Akapita nyuma ya pazia, akarudi na jozi ya thelathini na tisa. Sura ileile, rangi ileile, zimepakwa kiwi zinameremeta. Kifundo alinyoosha mkono alikamue na lile, na dada yake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda cha dukani akishona kishikizo, akainua macho. Mkono wa Kifundo ukarudi. Kumpima shemeji mara mbili mbele ya mkewe ni kumwita mtu mwizi mbele ya sahani yake. Alivaa, akasimama, akasema asante. Hilo ndilo kosa lake, alilijua, na kulijua hakukumpunguzia hasira hata chembe.

Wiki ya tano, kwenye kijito cha pili, pikipiki ilimteleza na kumlalia mguu wa kushoto. Ilikuwa inakwenda mwendo wa kuku. Jambo hilo humpata kila mkaguzi; unajikokota, unasema neno moja lisiloandikika, unapangusa tope unaendelea. Safari hii kulikuwa na jiwe chini ya mguu na pikipiki juu yake, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na buti la Orijino, ambalo lilijikunja kama tambara. Alilala kwenye maji hadi mkaguzi wa kipande cha nane alipomsikia.

Ofisi iliuliza kama alikuwa na vifaa vya kujikinga. Orijino akaandika barua kwa mwandiko mzuri, akathibitisha kwamba mabuti aliyomuuzia yalikuwa mapya na imara. Ndipo ripoti ya ajali ikafungwa kwa maneno matatu: uzembe wa mwendeshaji. Kwa maneno hayo matatu mtu hapandi tena pikipiki ya ofisi. Kifundo alilipeleka lile buti lililopasuliwa kwa bosi wao, akamwonyesha mahali palipotakiwa kuwa na bamba pamejazwa karatasi ngumu. Bosi alilitazama, akakuna kidevu, akasema buti lililokwisha kukatwa mtu anaweza kulijaza chochote nyumbani kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa faili.

Lakini kuna jambo Kifundo hakumwonyesha bosi wala mtu mwingine yeyote. Kipande kimoja cha ile karatasi ngumu alikuwa amekichomoa nyumbani usiku wa kwanza alipotoka hospitali, na juu yake palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu: kola, mama mrefu. Ulikuwa mwandiko wa dada yake. Dada ni mshonaji, na vipande vyake vya kukatia nguo, vya kola na mikono na mifuko, huvikata kwenye karatasi ngumu za maboksi na kuviandika hivyohivyo, kwa majina ya wateja anayoyajua mwenyewe. Orijino alikuwa ananunua mabuti ya mtumba yaliyokufa mabamba, anayajaza karatasi, anayapaka kiwi. Na karatasi zilitoka kwenye meza ya dada.

Basi Kifundo akaamua kwamba dada naye yumo. Aliamua hivyo hasa siku ya chakula kwa mama yao, yeye akiwa bado na magongo, Orijino alipomenya chungwa na kusema kwa sauti ya kuchekesha wageni, "Shemeji, pikipiki si cherehani." Meza nzima ilicheka. Dada alicheka. Kifundo alikisikia kicheko kile kila alipoinua simu ya ofisi kumjibu mtu aliyekatikiwa maji, miaka miwili, siku za kazi zote.

Mambo yaligeuka ofisi ilipoamua kununua mabuti mapya kwa wakaguzi wote kumi na wanne. Bosi alitaka kamati ya watu watatu: yeye mwenyewe, mkaguzi mkongwe waliyemwita Mzee Klachi, aliyekuwa amechakaza pikipiki saba, na mtu wa mezani wa kuandika kumbukumbu. Mtu wa mezani alikuwa Kifundo. Wauza viatu watatu waliitwa walete sampuli, na la pili kwenye orodha lilikuwa duka la Orijino. Kifundo alilisoma jina lile akahisi utamu ukimpanda kutoka tumboni kama mtu aliyeonja asali kwa siri. Hakuuficha utamu huo, walau kwa nafsi yake. Alikwenda chooni, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu.

Kanuni za kupima mabuti aliziandika yeye. Ziliandikwa kwa ustaarabu mkubwa: urefu, soli, vifungo vinavyofungika hata vikiwa na tope, nafasi ya soksi nene, ncha inayoingia chini ya pedeli ya gia. Kanuni ya sita ilisema jozi za kupimwa zitachukuliwa kutoka stoo ya muuzaji na mjumbe wa kamati, siku hiyohiyo ya kikao. Bosi alisaini bila kuuliza. Alipenda kanuni.

Jioni ya kuamkia kikao dada alikuja nyumbani. Alikuja na kitambaa cha gauni kama zawadi, akazungukazunguka kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa na viti vipo, kisha akasema kilichomleta. Mumewe alikuwa na wasiwasi. Wangesaidiana, si ndugu? Kifundo alimuuliza kazi ya ushonaji inaendaje. Dada akasema inaenda, ila panya wanammaliza, wanakula vipande vyake vya kukatia kila wiki, mume wake amemletea hata mtego. Kifundo alimtazama usoni akawaza: unajua kuigiza, mwanamke wewe. Akamwambia, "Mwambie shemeji asihofu. Nitampima kama nilivyopimwa mimi." Dada akashukuru, akaondoka.

Kesho yake Orijino aliingia ukumbini na mkewe. Alimleta makusudi, amkalishe mbele awe kama maua mezani, maana alijua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Viatu vyeusi viking'aa, alikunja mguu na kumsalimia Kifundo kwa sauti ya ndugu wa damu. Wakaguzi waliokuwa zamu ya mchana walijazana mlangoni.

Muuzaji wa kwanza alileta mabuti laini, mazuri kwa kutembelea harusini. Kifundo alilikamua moja mbele ya kila mtu, likajipinda hadi ncha ikatazama kisigino. Wakaguzi walicheka. Wa tatu alileta mabuti mabaya ya sura, magumu kama mbao, akakiri mwenyewe kwamba yatawauma watu wiki tatu kabla ya kuzoeleka. Hakuna aliyecheka.

Sampuli ya Orijino ilikuwa nzuri kupita zote. Kifundo alilivaa buti la kushoto, akafunga vifungo, akaketi kwenye benchi na kunyoosha mguu. Kisha akamkabidhi Mzee Klachi nyundo ya mbao aliyoiazima kwa seremala wa ofisi, akamwambia ampige kifundoni. Mzee alisita. "Piga," alisema Kifundo. Mzee akapiga. Ukumbi ulisikia mlio, naye hakupepesa jicho. Buti lilikuwa zima, bamba lilikuwa bamba. Orijino akatazama huku na huku kama bwana harusi.

"Tumeiona sampuli," Kifundo alisema. "Sasa kanuni ya sita. Shemeji, tupe ufunguo wa stoo."

Orijino akacheka. Akasema stoo haijapangwa. Akasema yeye mwenyewe angeleta mzigo kesho asubuhi, mbichi kabisa. Bosi akafungua karatasi na kusoma kanuni ya sita kwa sauti, taratibu, kwa raha yake. Mbele ya watu wote wale, na mkewe kando, Orijino hakuwa na pa kutokea. Ufunguo ukatoka mfukoni. Mzee Klachi alikwenda na gari la ofisi, duka halikuwa mbali, na muda wote huo Orijino alinywa maji glasi nne. Kifundo alizihesabu.

Yalikuja mabuti jozi tano. Kifundo alichagua jozi moja, namba arobaini na mbili, akaiweka miguuni kwa shemeji yake.

"Vaa," alimwambia.

"Mimi?"

"Saizi yako imetoka stoo."

Orijino alivua viatu vyake vyeusi, akavipanga vizuri chini ya benchi, akavaa mabuti yake. Soksi zake zilikuwa za mistari. Alinyoosha mguu wa kushoto kama alivyoombwa. Safari hii nyundo aliishika Kifundo mwenyewe. Aliiinua polepole, juu zaidi kuliko alivyoiinua Mzee Klachi, na lazima isemwe ukweli: alitamani kupiga. Aliutazama mguu ule akaona maji ya kijito, akasikia kicheko cha meza nzima, na mikono ikamwasha kwa hamu. Sijui kama angejizuia. Hata yeye hajui.

Orijino akaurudisha mguu. "Ngoja. Ngoja, shemeji. Utanivunja."

"Nitakuvunjaje, na buti ni orijino?"

"Utanivunja," alisema tena, na macho yalimtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Basi sema mbele ya bosi. Mimi nilivunjwa na nini?"

Alimtazama bosi, akamtazama mkewe, akaitazama nyundo, ambayo ilikuwa haijashuka. "Buti," alisema. "Halikuwa na bamba. Haikuwa kosa lake."

Bosi alimtuma mtu alete faili. Na hapo kisasi kingeweza kuishia, mtu mwingine angeona kimetosha, lakini Kifundo hakuwa amefika. Alichukua kisu, akalivuta buti kutoka mguu wa shemeji yake, akalipasua pembeni pale kifundo kinapokaa. Akachomoa kipande cha karatasi ngumu. Hakukisoma. Alikwenda moja kwa moja hadi alipoketi dada yake akamwekea mapajani, kwa sababu hilo ndilo alilolingojea miaka miwili, kumwona naye akikosa pa kuuficha uso.

Dada alikigeuza kile kipande. Alikisoma kwa kidole, kama anavyosoma kazi zake. "Mkono wa kushoto," alisema. "Mwalimu mnene." Kisha akamgeukia mumewe, na sauti yake haikuwa kubwa. "Uliniambia panya."

Orijino alifungua kinywa.

"Nilitega mtego, nikaweka na kipande cha samaki, kila jioni. Ukaniona naweka."

Hakuna aliyecheka, hata wakaguzi. Orijino alisimama, akasema ana mtu anamsubiri dukani, akapenya mlangoni katikati ya watu akiwa na soksi zake za mistari. Viatu vyake vilibaki chini ya benchi.

Dada ndipo alipomtazama Kifundo. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu nilipotoka hospitali."

"Ukadhani na mimi nimo."

Kifundo alitazama kisu kilichokuwa bado mkononi mwake. Utamu wote ulimgeuka mdomoni. Dada alikitia kipande kile kwenye mkoba, akafunga zipu, akapitia mlango wa nyuma bila kuaga.

Bosi alipata faili. Alikata yale maneno matatu kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kasoro ya kifaa, akatia saini na tarehe. Kamati ilichagua mabuti mabaya ya muuzaji wa tatu. Jumatatu iliyofuata Kifundo alipanda kipande cha saba, miguu ikimuuma kwa ugumu wa buti jipya, na kwenye kijito cha pili alisimamisha pikipiki katikati ya maji, akakaa pale kidogo, kisha akavuka. Alifurahi, asiseme mtu hakufurahi. Lakini kila jioni alitazama simu, na dada hakupiga.

Siku ya tisa alisikia hodi. Dada alikuwa mlangoni, amebeba mkoba wa kazi.

"Viatu vyake unavyo?"

Kifundo alikuwa navyo. Vilikuwa kabatini nyuma ya mashuka ya wageni, pale lilipokaa buti, ambalo sasa lilikuwa ofisini kama ushahidi. Alidhani dada ametumwa kuvichukua, na hasira ikaanza kumpanda upya. Hata hivyo akavitoa, akampa cha kushoto.

Dada aliketi sakafuni, akafungua mkoba, akatoa mkasi wake mkubwa wa kukatia nguo, ule ambao hajawahi kumwazima mtu hata kwa dakika moja. Akaingiza ncha kwenye mshono wa kile kiatu, akakata. Alikata pembeni, akakata kisigino, akabandua soli na kuitenganisha tabaka kwa tabaka, akiingiza kidole kila mahali kama anayetafuta sindano iliyopotea. Kifundo aliinama kuangalia. Hapakuwa na karatasi. Hapakuwa na kiraka wala gundi ya kuficha kitu.

"Ngozi," dada alisema. "Ngozi mpaka ndani, mdogo wangu. Hiki ni orijino."

Alikiweka kile kiatu kilichopasuka kando, akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Lete na cha kulia."